Flashi ya uokoaji: inachookoa, isichookoa, na jaribio ambalo wengi hulikwepa

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilisubiriwa kwa hofu na wenye kompyuta za zamani, kwa kuwa ndiyo siku Microsoft iliyoacha kuihudumia Windows 10. Siku hiyohiyo, bila makelele mengi, kampuni ilitoa sasisho la Windows 11 lenye namba KB5066835, na ndani yake kulikuwa na kasoro ya ajabu. Kompyuta iliwaka vizuri, kibodi na kipanya vya USB vilifanya kazi kama kawaida. Lakini ukiingia kwenye sehemu ya matengenezo iliyojengwa ndani ya Windows, ile tunayoikimbilia mambo yanapoharibika, kibodi na kipanya vilikufa ganzi. Unaiona menyu mbele yako, huwezi kuchagua chochote.

Dawa ilitolewa tarehe 20 Oktoba. Kwa mtu ambaye kompyuta yake iligoma kuwaka kabla ya hapo, ushauri wa Microsoft ulikuwa mfupi: tumia skrini ya kugusa kama unayo, chomeka kibodi ya zamani ya PS/2 yenye plagi ya duara, au washa kompyuta kwa flashi ya uokoaji, kama uliitengeneza mapema.

Wengi walikwama kwenye sharti hilo la mwisho. Na hata miongoni mwa waliokuwa na flashi droani, sina hakika wangapi walikuwa wamewahi kuichomeka waone kama inawasha kompyuta. Flashi ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Ila kabla ya kufika kwenye kujaribu, kuna vitu vinne ambavyo vijiweni na hata madukani huchanganywa kama kitu kimoja, na mkanganyiko huo ndio unaowafanya watu walie baadaye.

Flashi ya uokoaji ni flashi ya kawaida ya USB iliyoandaliwa ili kompyuta iweze kuwaka kupitia hiyo hata kama Windows iliyo ndani imeharibika. Ikishawaka, inakupa vifaa vya matengenezo: kurekebisha faili za kuwashia, kuondoa sasisho lililoleta balaa, kurudisha mipangilio ya siku za nyuma, na yote yakishindikana, kuipanga Windows upya kuanzia mwanzo. Flashi ya kupigia Windows, ile ambayo kila fundi anayo mfukoni, ni ndugu yake wa karibu. Hiyo ina Windows mpya inayoweza kuwekwa kwenye mashine yoyote inayofaa, na ndani yake pia mna kipengele cha matengenezo ambacho wengi hukiruka kwa haraka ya kupiga upya. Tofauti ni kwamba flashi ya uokoaji hutokana na kompyuta yako mwenyewe, hivyo hubeba toleo lako la Windows pamoja na draiva za mashine yako, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vyake.

Cha tatu ni sehemu ya uokoaji iliyofichwa ndani ya diski ya kompyuta. Hii ndiyo iliyougua Oktoba 2025. Ni nzuri, ila ina udhaifu ulio wazi: diski ikifa, nayo inakufa. Na kwa kompyuta nyingi tunazonunua zikiwa zimeshatumika, zile zinazokuja kwa makontena kutoka Dubai au Uingereza, sehemu hiyo huenda ilishafutwa siku muuzaji alipoipiga Windows ili kompyuta ionekane mpya dukani.

Cha nne ni nakala rudufu, yaani nakala ya faili zako: picha, hati, mahesabu ya duka, tasnifu ya mtoto. Hapa ndipo uzushi mkubwa kuliko wote ulipo. Flashi ya uokoaji haina faili zako, hata moja. Chukulia nyumba iliyoungua. Fundi mwenye ramani anaweza kuzijenga tena kuta zilezile na paa lilelile, lakini hana namna ya kukurudishia picha za harusi zilizokuwa kabatini. Flashi ya uokoaji ni ramani na fundi kwa pamoja. Picha za harusi zinataka mahali pake pengine, iwe diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Tena ukitumia flashi hiyo kuipanga Windows upya, itafuta kila kitu chako pamoja na programu ulizoweka. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Sasa, kwa nini kunakili folda ya Windows kwenye flashi hakutoshi? Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows siyo inayoamka kwanza. Kinachoamka ni programu ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo kwa mazoea tunaiita BIOS ingawa kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI. Programu hiyo hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha hutafuta diski yenye faili maalumu za kuwashia, zikiwa mahali na kwa mpangilio inaoujua. Kwa kawaida huzikuta kwenye diski ya ndani. Ukiielekeza kwenye flashi na ikakuta faili hizo huko, inawasha kutoka huko huku Windows ya ndani ikiwa imelala, na ndiyo maana Windows iliyolala inaweza kutengenezwa. Flashi yenye folda ya Windows iliyonakiliwa kwa mkono haina faili hizo mahali panapotakiwa, kwa hiyo BIOS inaipita kama haioni kitu.

Kuitengeneza ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani. Programu iko ndani ya Windows tayari, 10 na 11. Fungua sehemu ya kutafuta, andika "Recovery Drive", ifungue ukiwa kwenye akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Kitakachokuja ni kisanduku kidogo kinachosema "Back up system files to the recovery drive". Hakikisha kina alama ya tiki. Ukikitoa, utapata flashi ndogo yenye vifaa vya matengenezo peke yake, isiyoweza kuipanga Windows upya, na wako wanaokitoa ili kazi iishe haraka. Chomeka flashi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote. Ya GB 32 inatosha kwa kompyuta nyingi za nyumbani; kununua ya GB 128 kwa kazi hii ni kutupa fedha.

Kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, hasa kwenye diski ya zamani au tundu la USB la polepole. Umeme ukikatika katikati, usiogope kuhusu kompyuta: programu inasoma kutoka kwenye kompyuta na kuandika kwenye flashi, kwa hiyo kilichoharibika ni flashi tu, na unaanza upya. Hata hivyo mwenye laptopu aiache kwenye chaji.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya yote hayo, na nalipa nafasi kubwa makusudi, kwa kuwa kulipuuza ndiko kunakoharibu kazi ya watu wengi huku kwetu: hakikisha flashi ni ya kweli.

Flashi feki siyo tu ile inayokufa haraka. Feki ya hatari ni ile inayodanganya ukubwa. Ndani yake kuna chipu ndogo, tuseme ya GB 8, lakini kidhibiti chake, yaani kile kinachoiongoza flashi, kimebadilishwa ili kiiambie kompyuta kuwa ni ya GB 64, au hata "2TB", kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Ukinakili faili, hazikatai. Mstari wa kijani unaenda mpaka mwisho, majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana. Lakini kila kilichozidi nafasi halisi ama kimetupwa, ama kimeandikwa juu ya kilichotangulia. Unagundua siku unapofungua. Kwa flashi ya nyimbo hiyo ni kero. Kwa flashi ya uokoaji mambo ni mabaya zaidi, maana siku ya kuifungua ni siku ambayo huna kompyuta nyingine ya kukimbilia.

Kulijua hilo hakuhitaji utaalamu. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, ya Wajerumani, inayoijaza flashi yote kwa data kisha kuisoma tena na kulinganisha. Ikikuta tofauti inakuambia ni kiasi gani kilikuwa kizima. Watumiaji wa Linux na Mac wana F3 inayofanya kazi hiyohiyo. Fanya jaribio hili flashi ikiwa tupu, kabla ya kutengeneza chochote, na uache iende mpaka mwisho hata kama inachosha. Kuangalia ukubwa kwenye Windows peke yake hakusaidii kitu: Windows inaripoti kile ilichoambiwa na kidhibiti, na kidhibiti ndicho mwongo.

Flashi ikishapita na programu ikimaliza kazi yake, sasa ndiyo jaribio lenyewe. Watu huliogopa kwa kudhani kwamba kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo kunafuta vitu vyao. Hakufuti. Kuwasha kunakuleta kwenye menyu tu, na hakuna kinachoguswa mpaka wewe uchague na kukubali. Ila kuna tahadhari moja ya kuitanguliza, inayohusu BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski.

Kompyuta nyingi za sasa zimefungwa kwa usimbaji: data iliyo kwenye diski imechanganywa kiasi kwamba bila ufunguo ni takataka. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, mashine inayowekewa Windows upya na kuingizwa kwa akaunti ya Microsoft huwashiwa kinga hii yenyewe, hata ile ya toleo la Home, na mwenye mashine aghalabu hajui. Siku za kawaida huoni tofauti. Ukiwasha kwa flashi, kompyuta inaona jambo lisilo la kawaida na inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia diski. Kilichotokea duniani tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, kilikuwa na somo hilo ndani yake: tiba ilikuwa kufuta faili moja, lakini mafundi wengi walikwama mlangoni kwa sababu mashine za ofisi zilikuwa zimefungwa na funguo hazikuwa karibu. Kwa hiyo tafuta ufunguo wako kwanza. Kwa wengi uko kwenye akaunti yao ya Microsoft, kwa anwani aka.ms/myrecoverykey. Uandike kwenye karatasi na uiweke na nyaraka zako muhimu. Usiuhifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo, wala usiuweke pamoja na flashi, maana atakayeiba mfuko atakuwa amepewa kila kitu.

Kuwasha kwa flashi kuna njia mbili, na ni vizuri kuzijaribu zote. Ya kwanza inafanya kazi Windows ikiwa nzima: shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart, kisha kwenye skrini ya buluu chagua "Use a device" na uiteue flashi yako. Ya pili ndiyo utakayoihitaji Windows ikiwa imekufa: zima, washa, na papo hapo anza kugongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni Esc kisha F9. Acer ni F12, ingawa kwenye mashine zake nyingi lazima kwanza ukiruhusu ndani ya BIOS. Laptopu za Asus hutumia Esc. Ukiona kitufe hakiitiki, mara nyingi tatizo ni kwamba Windows haikuzimika kabisa bali ilijihifadhi ili iwake haraka. Tumia Restart badala ya Shut down kisha ujaribu tena. Andika kitufe kilichokubali, usitegemee kukikumbuka.

Ikikubali, utaulizwa mpangilio wa kibodi, halafu utaletwa kwenye menyu. Hapa usishangilie bado. Kuna mambo ya kukagua ukiwa humo, na la kwanza ni kibodi na kipanya: vyote viwili vinaitika? Kibodi za Bluetooth mara nyingi hazifanyi kazi kabla Windows haijawaka, hivyo kompyuta ya mezani isiyo na kibodi ya waya pembeni iko hatarini bila mwenyewe kujua. La pili, tazama kama kwenye menyu kuna "Recover from a drive". Ikiwepo, flashi inazo faili za kuipanga Windows upya. Ikikosekana, kile kisanduku hakikuwa na tiki. Iangalie tu, usiendelee nayo.

La tatu ndilo ambalo miongozo mingi hailisemi. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Command Prompt". Kwenye kile kidirisha cheusi andika notepad na ubonyeze Enter. Ndiyo, Notepad ileile ya kuandikia inafunguka hata humo. Bofya File, kisha Open, na kwenye dirisha litakalokuja chagua kuona faili za aina zote, uende "This PC". Unatafuta jambo moja: je, diski ya kompyuta yako inaonekana, na folda zako zimo? Usitishwe na herufi. Diski uliyozoea kuiita C inaweza kuitwa D humu. Kama haionekani kabisa, flashi inawasha mashine lakini haina draiva ya kuifikia diski. Hilo hutokea sana kwa laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea unapotumia flashi ya kawaida ya kupigia Windows, na ni heri ulijue leo.

Dirisha hilohilo la Notepad lina faida nyingine. Unaweza kubofya folda kwa kitufe cha kulia, kuinakili, na kuibandika kwenye diski ya nje uliyoichomeka. Ni njia ya kienyeji, ya polepole, na haikuundwa kwa kazi hiyo, lakini imetosha kutoa picha na hati kwenye kompyuta ambazo Windows yake haiwaki tena. Ukimaliza kukagua, funga madirisha, chagua kuzima, chomoa flashi, washa kama kawaida.

Siku ya shida yenyewe ikifika, anza na vifaa vyepesi. "Startup Repair" kwanza, inayorekebisha faili za kuwashia. Kama shida ilianza baada ya sasisho, "Uninstall Updates". Kisha "System Restore", inayorudisha mipangilio ya siku za nyuma, ikiwa uliwahi kuiwasha. Kuipanga Windows upya ni hatua ya mwisho, baada ya kutoa faili zako au kuwa na hakika nakala rudufu ipo.

Flashi hii huzeeka. Microsoft inashauri kuitengeneza upya kila mwaka, nami naona ushauri huo una maana. Flashi iliyotengenezwa ukiwa na Windows 10 itakurudisha Windows 10, hata kama ulishahamia 11. Ukihama tengeneza nyingine, na ile ya zamani usiifute mpaka ujue hutaki kurudi, maana njia ya kawaida ya kurudi ndani ya Windows hufungwa baada ya siku 10. Pia vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta huvitumia kutambua kama kinachotaka kuwaka ni halali, vinaanza kuisha muda wake Juni 2026 na vinabadilishwa na vipya. Kompyuta itakayofuta uaminifu wake kwa vile vya zamani inaweza kuikataa flashi iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo.

Na kama Windows imeshakufa na hukuwahi kutengeneza chochote? Omba kompyuta ya jirani au nenda kwenye intaneti kafe yenye kasi nzuri, pakua programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool kutoka tovuti yao wenyewe, utengeneze flashi ya kupigia Windows. Hiyo inataka GB 8 tu. Jihadhari na zile Windows "zilizopunguzwa uzito" zinazogawiwa kwenye makundi ya Telegram. Huwezi kujua aliyezipunguza aliongeza nini.

Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya kwa sababu ni njia wanayoijua na wana foleni ya wateja. Ukimpelekea kompyuta, mpe na flashi yako, mwambie kitufe cha kuwashia ni kipi, mwambie aanze na Startup Repair, na kwamba asifomati kitu kabla hajakupigia simu.